Rivolva na Cheti Chake: Historia ya Silaha ya Mfukoni Nyanza Kusini

Rivolva ndogo, ile inayoingia mfukoni au kukaa chini ya koti isionekane, ilifika Afrika Mashariki mikononi mwa wasafiri, maafisa na wafanyabiashara wa Kizungu mwishoni mwa karne ya 19. Aliyetaka kuibeba alikuwa na mambo matatu ya kuamua: ukubwa wa chombo, aina ya risasi, na kibali. Mteja aliyesimama mbele ya kaunta huko Birmingham au Nairobi aliweza kupima mawili ya kwanza apendavyo. Katika Nyanza Kusini, yaani eneo la ziwani ambalo leo limegawanyika kati ya kaunti za Migori na Homa Bay, la tatu ndilo lililoamua mengine yote. Wachache walipewa karatasi, wengi wakanyimwa, na kwingineko nchini baadhi walilipa kwa maisha yao kwa kukutwa na chombo bila karatasi.

Kabla ya silaha ya kufichwa

Kabla ya ukoloni, ulinzi katika nchi hii ulikuwa wa wazi na wa wote. Ushahidi wake mkubwa upo Thimlich Ohinga, Nyatike, ambako kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala chokaa zimesimama tangu takriban karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Milango yake ni mifupi na myembamba, kiasi kwamba anayeingia hana budi kuinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. UNESCO iliuingiza mji huo wa mawe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ndani ya boma kama hilo watu na mifugo walilindwa pamoja. Mwanamume alipotoka alibeba mkuki, rungu na ngao ya ngozi, na kila aliyekutana naye njiani aliviona.

Bunduki zilikuwa zimejaa pwani na katika njia za misafara kwa muda mrefu. Zilianza na gumegume, zikafuata za fataki, kisha zile za kutia risasi kwa nyuma. Lakini misafara mikubwa ya kutoka pwani ilipita kusini kuelekea Tabora na Mwanza, au kaskazini kuelekea Mumias na Buganda, hivyo upande wa mashariki ya ziwa, kati ya Ghuba ya Winam na mto Kuja, ulipata bunduki chache. Wazungu walipofika walikuta watu waliozoea vita vya mkuki, na tofauti hiyo ya zana ilikuwa kubwa mno.

Msingi wa sheria ya silaha ulikwisha kuwekwa kabla hata ya kituo cha kwanza cha Waingereza kujengwa upande huu wa ziwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na washirika wao walitia saini Mkataba wa Brussels, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Ndani yake mlikuwa na milango miwili ya kupitia. Gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa chini ya usimamizi wa serikali. Silaha za kisasa nazo ziliruhusiwa kwa mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba hatazigawa, na kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda mwenyewe tu.

Hati hiyo ya msafiri inafanana na cheti cha leo. Ilibeba kanuni kwamba kujilinda kwa bastola ni ruhusa anayopewa mtu aliyekaguliwa. Ilibeba pia ubaguzi, kwa sababu katika mazingira ya 1890 msafiri mwenye hati ya serikali yake alikuwa Mzungu, na mwenyeji aliachiwa gumegume.

Chombo chenyewe

Rivolva hubeba risasi zake katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya muundo wake nchini mwake mwaka 1836. Silinda huwa na vyumba vitano au sita. Kila nyundo inapovutwa nyuma, silinda hugeuka na kuleta chumba kipya mbele ya mtutu. Risasi moja ikikataa kulipuka, mpigaji hubonyeza kifyatulio tena na chumba kinachofuata huja chenyewe. Kwa mtu aliye mbali na fundi, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa, na ndiyo iliyoifanya rivolva idumu hata baada ya bastola za magazini kutokea.

Rivolva za kijeshi zilikuwa nzito. Webley, iliyopokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, ilitumia risasi ya inchi .455 yenye kichwa cha risasi cha gramu 17 hivi. Toleo lake la 1915, Mark VI, lilikuwa na mtutu wa sentimita 15 na uzito wa zaidi ya kilo moja. Chombo kama hicho hukaa katika ala ya ngozi kwenye mkanda, juu ya sare, mahali ambapo kila mtu anakiona. Kwa afisa hilo lilikuwa sehemu ya kazi, kwa maana bastola iliyoning'inia kiunoni ilikuwa alama ya cheo.

Aliyetaka kuficha alinunua kitu kingine. Mwaka 1872 kampuni ya Webley ya Birmingham ilitoa rivolva fupi iliyoitwa British Bull Dog, yenye risasi tano na mtutu wa sentimita 6 na nusu hivi. Ilikusudiwa mfuko wa koti, na viwanda vya Ubelgiji na Marekani viliiiga kwa wingi. Mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ambayo nyundo yake ilifichwa kabisa ndani ya fremu, isikwame kwenye kitambaa inapotolewa mfukoni. Mwaka 1927 Colt walileta Detective Special, yenye mtutu wa sentimita 5 na risasi sita. Mwaka 1950 Smith & Wesson walijibu kwa Chiefs Special, yenye risasi tano na uzito wa gramu 550 hivi, nusu ya ule wa Webley ya jeshi.

Kila upungufu wa ukubwa ulikuwa na bei yake. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi na hukaribianisha vilengeo, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa mbele ya mtutu. Chombo chepesi hupiga kiganja kwa nguvu zaidi kinaporudi nyuma. Silinda ya risasi tano ni nyembamba kuliko ya sita na hujificha vizuri, lakini mwenye nayo ana risasi moja pungufu. Rivolva ya mfukoni ni silaha ya hatua chache tu, na humtaka mwenyewe afanye mazoezi mengi kuliko bunduki ndefu.

Karungu, Kisii na mpaka wa Wajerumani

Waingereza walifungua kituo Karungu, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kisha wakahamishia makao ya wilaya Kisii mwaka 1907. Wilaya hiyo iliitwa Kavirondo Kusini, na baadaye Nyanza Kusini. Januari 1908 mkuu wa wilaya, Geoffrey Northcote, alichomwa mkuki na Otenyo katika nchi ya Abagusii, kitendo kinachokumbukwa pamoja na jina la Moraa, nabii aliyewahimiza vijana kupinga utawala huo. Northcote alinusurika. Kikosi cha adhabu kilichofuata kilichoma nyumba, kikateka mifugo na kuua watu wengi. Mkuki mmoja ulijibiwa kwa bunduki za dola nzima.

Upande wa kusini, katika kituo cha Shirati, walikuwapo Wajerumani. Maafisa wao walikuwa wametumia rivolva za jeshi la Ujerumani za milimita 10.6, na baadaye bastola ya magazini ya Luger ya milimita 9. Risasi hizo hazikuingia katika silaha za Kiingereza, wala za Kiingereza hazikuingia katika zao. Mpaka uliochorwa na wanadiplomasia ukawa pia mpaka wa vipimo vya risasi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walivuka na kuuteka mji wa Kisii Septemba 1914. Tarehe 12 Septemba walipigana na kikosi cha King's African Rifles kwenye vilima vya mji huo, pande zote mbili zikapata hasara, na Wajerumani wakarudi nyuma. Siku zizo hizo meli za pande mbili zilikabiliana majini karibu na Karungu. Maafisa wa serikali walipokuwa wameukimbia mji, wakazi wa jirani waliingia na kuchukua mali ya maduka na ofisi, na adhabu iliyofuata ilikuwa kali.

Dhahabu na walowezi

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na mbio za kuitafuta zilizofuata ziliwasukuma watafutaji wa Kizungu hadi kusini. Katika ukanda wa miamba unaopita Migori na Nyatike walifungua machimbo, na mgodi wa Macalder, ambao wenyeji huuita Makalder, ukawa mkubwa kuliko yote. Ulitoa dhahabu na hasa shaba, ukafungwa mwaka 1966. Osiri Matanda na vijiji vingine vya wachimbaji wadogo wa leo viko katika ukanda huohuo.

Mtafutaji wa Kizungu wa miaka hiyo aliweza kupata kibali cha bunduki ya kuwindia na hata cha rivolva. Kibarua aliyeshuka shimoni hakuwa na kimoja wala kingine. Wote wawili walibeba kitu chenye thamani na wote wawili waliweza kuporwa njiani, lakini sheria ilihesabu hofu ya mmoja tu kuwa sababu ya kutosha.

Kesi iliyowafundisha Wakenya wengi habari za rivolva ndogo ilitokea mbali na ziwa. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll, mlowezi maarufu, alikutwa amekufa ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi. Alikuwa amepigwa risasi ya inchi .32, kipimo cha bastola za mfukoni. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa. Siku chache kabla ya mauaji alikuwa ameripoti polisi kwamba rivolva zake mbili za Colt zimeibwa.

Kesi iliamuliwa kwa mifereji ya mtutu. Ndani ya mtutu wa rivolva mna mifereji iliyopinda kama uzi wa skrubu, nayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kila kiwanda kina idadi yake ya mifereji na upande wake wa kupindia, na risasi hutoka na alama za mtutu wake. Risasi zilizopatikana zilikuwa na alama za mifereji mitano iliyopinda kulia. Colt hukata mifereji sita inayopinda kushoto. Wakili wa utetezi, H. H. Morris, alimtaka mtaalamu wa serikali akubali kwamba risasi hizo hazikutoka katika Colt, na mtaalamu akakubali. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiliwa. Muuaji hajajulikana kisheria hadi leo.

Kesi hiyo ilionyesha mambo mawili. Daftari la serikali linaloandika kila silaha ni ushahidi, na lina kazi hata pale silaha yenyewe isipopatikana. Tena rivolva za mfukoni za walowezi zilikuwa nyingi na zilitunzwa ovyo. Zilikaa kwenye droo na ndani ya magari, zikapotea, na nyingine zikaishia mikononi mwa watu ambao sheria haikuwaandika.

Risasi huamua bastola

Mnunuzi mzoefu huanza na risasi kabla ya bastola, kwa sababu bastola bila risasi zake ni chuma tu. Katika Kenya ya kikoloni jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwani risasi zililetwa kwa meli hadi Mombasa, na muuzaji aliagiza vipimo vilivyotumiwa na serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilitafuta silaha nyepesi kuliko Webley ya .455. Mwaka 1932 lilipokea rivolva ya Enfield No. 2 ya inchi .38, na Webley & Scott nao walitengeneza yao ya kipimo hicho. Risasi yake ya kwanza ilikuwa na kichwa cha madini ya risasi pekee cha gramu 13, kizito na kisichokwenda kasi. Ilihofiwa kwamba risasi laini ingevunja makubaliano ya Hague ya 1899 yaliyokataza risasi zinazotanuka mwilini, na kabla ya vita vya 1939 ikabadilishwa kwa nyepesi zaidi iliyofunikwa kwa metali ngumu.

Marekani nao walikuwa na .38 yao, iitwayo .38 Special, iliyotolewa na Smith & Wesson karibu na mwaka 1899. Majina yanafanana, lakini risasi hizi mbili hazibadilishani. Ganda la Kiingereza ni fupi na nene kidogo, na la Kimarekani ni refu na jembamba, hivyo la Kiingereza kwa kawaida halizami katika chumba cha rivolva ya Kimarekani, na la Kimarekani haliingii lote katika ile ya Kiingereza. Mwenye Detective Special mjini Kisumu au Homa Bay aliweza kuwa na chombo bora kuliko jirani yake mwenye Webley, lakini jirani alikuwa karibu na ghala la polisi na jeshi, nalo lilijaa kipimo cha Kiingereza. Kwa hiyo cheti kilitaja kipimo cha silaha na idadi ya risasi, na mwenye cheti alinunua ndani ya mipaka hiyo.

Hewa ya ziwa nayo ilikuwa na sauti. Fataki za risasi za kijeshi za wakati huo ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Rivolva iliyopigwa jioni na kuachwa bila kusafishwa ilianza kushika kutu baada ya muda mfupi. Dawa yake ilikuwa maji ya moto yaliyomiminwa ndani ya mtutu, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta. Ala ya ngozi, ambayo wengi waliiona kuwa hifadhi, iliharibu zaidi: ngozi hushika unyevu, na dawa za kuilainisha hutoa kutu ya kijani kwenye maganda ya shaba. Mtu aliyeweka risasi zilezile kwenye mkanda mwaka mzima hakuwa na uhakika kwamba zitalipuka.

Hali ya Hatari na sheria ya 1954

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari dhidi ya vita vya Mau Mau. Walowezi waliagizwa kubeba bastola zao mwilini au kuzifungia, kwa sababu silaha iliyoibwa iliishia kwa wapiganaji msituni. Wakulima walikula chakula cha jioni bastola zikiwa mezani, na wanawake wa Kizungu walibeba ndogo zaidi mikobani. Kwa Mwafrika, kanuni za dharura zilifanya kukutwa na silaha au risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa.

Mtu maarufu kuliko wote aliyehukumiwa kwa kosa hilo ni Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Mashtaka yake mahakamani hayakuwa ya vita alivyoviongoza. Alishtakiwa kwa kuwa na rivolva moja ya .38 ya Webley Scott na risasi sita bila kibali. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alimhukumu kifo, na Kimathi akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Rivolva ya kipimo hichohicho, ikiwa kiunoni mwa mkulima Mzungu wa Nyeri, ilikuwa kinga halali. Hakuna tukio linaloonyesha waziwazi zaidi kwamba kilichohukumiwa ni nani aliyeibeba.

Katika miaka hiyohiyo ndipo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilipoanza kutumika, mwaka 1954. Ilimtaka kila mwenye bunduki au risasi awe na cheti kinachotaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi. Ilimtaka mwombaji awe na sababu nzuri, na ilimkataza cheti mtu mlevi na mtu asiye na akili timamu. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, sheria hiyo haikufutwa. Kilichoondoka ni ubaguzi wa rangi katika kuitumia. Kilichobaki ni uamuzi mpana wa afisa wa leseni, na nafasi hiyo ya ubaguzi ikachukuliwa na cheo, mali na kujuana.

Risasi mbili za Julai 1969

Kwa watu wa Homa Bay, rivolva ndogo ina jeraha la pekee. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo na mwana wa Kisiwa cha Rusinga, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Barabara ya Government, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alikamatwa, na rivolva aina ya Smith & Wesson ya .38 ikawa kielelezo katika kesi yake. Alihukumiwa kifo mwaka huohuo.

Mauaji hayo yalifanyika mchana, katika barabara yenye watu wengi, na aliyeyafanya aliweza kuondoka. Hiyo ndiyo hatari ya silaha inayofichika: sifa zote zinazoifanya imfae mtu mwema anayejilinda humfaa vilevile anayevizia. Mazishi ya Rusinga yalivuta umati mkubwa, na huzuni ya Nyanza ikageuka ghadhabu ya kisiasa iliyodumu kwa vizazi. Kaburi la Mboya kisiwani humo sasa ni mnara wa kumbukumbu.

Bunduki zisizo na daftari

Baada ya 1969 rivolva ilianza kupoteza nafasi yake. Bastola za magazini za milimita 9, hasa Browning, Česká na baadaye Jericho na Glock, zilibeba risasi 13 au zaidi na zilikuwa bapa, hivyo zilikaa kiunoni bila uvimbe wa silinda. Kiwanda cha silaha cha serikali kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1997 kinatengeneza risasi za milimita 9, na kwa mara nyingine risasi zikaamua bastola. Rivolva ya .38 ilibaki kwa wazee wenye vyeti vya zamani na kwa waliopenda urahisi wake.

Nyanza Kusini, hata hivyo, hofu haikutoka tena kwenye bastola za Nairobi. Vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu, na baadhi zilifika nchi ya Wakuria pande zote mbili za mpaka. Wizi wa ng'ombe, ambao awali ulifanywa kwa mishale na mapanga, ulianza kufanywa kwa bunduki za kivita. Kwa upande wa ziwa, wavuvi waliporwa injini na nyavu na watu wenye silaha. Mbele ya bunduki ya kivita, rivolva ya risasi tano haimwokoi mtu. Hata mwenye cheti hakupata kwayo amani aliyoitafuta.

Majibu ya nchi za ukanda huu yalikuwa ya pamoja. Tarehe 21 Aprili 2004 zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, na mwaka 2005 kikaundwa chombo cha RECSA, chenye makao Nairobi, cha kusimamia utekelezaji wake. Itifaki inazitaka nchi ziweke alama kwenye kila silaha, zitunze kumbukumbu na kuharibu zile zilizokamatwa. Kazi hiyo ni kubwa: mradi wa utafiti wa Small Arms Survey wa Geneva ulikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo.

Osiri na cheti cha sasa

Sheria ya marekebisho ya usalama ya Desemba 2014 iliunda Bodi ya Leseni za Silaha, na uamuzi uliokuwa wa afisa mmoja ukawa wa jopo. Kuanzia Desemba 2018 kila mwenye cheti alitakiwa kukaguliwa upya, na mwaka 2019 vyeti vya zamani vilibadilishwa kwa kadi za kielektroniki. Mwombaji hutoa cheti cha tabia njema cha polisi, hupimwa akili na afya, hueleza sababu yake, na huthibitisha kwamba ana mahali pa kufungia silaha. Cheti huhuishwa kila mwaka. Kuonyesha silaha hadharani au kuitumia kutisha watu kunatosha kumnyang'anya mtu kibali.

Katika machimbo ya Osiri Matanda masharti hayo yana maana ya kila siku. Mawe hupandishwa kutoka mashimoni kwa magunia, husagwa, huoshwa, kisha dhahabu hukusanywa kwa zebaki na kuchomwa. Kipande kinachobaki huweza kukaa kwenye ncha ya kidole, na mnunuzi hukipima kwa mizani ndogo na kulipa papo hapo. Mahali penye pesa taslimu na vumbi la dhahabu ni mahali pa hatari, na mnunuzi anayetaka bastola ana sababu inayoeleweka. Mchimbaji aliyemuuzia ana hofu ileile, lakini hana sefu wala nauli ya kufuatilia maombi, na mara nyingi hana makazi ya kudumu. Kwa hiyo mgawanyo wa miaka ya 1930 umebaki katika sura nyingine: umbali kati ya wawili hao sasa hupimwa kwa kipato.

Ulinzi wa wengi katika vijiji hivyo umetoka kwingine. Kufika kwa M-Pesa mwaka 2007 kulimwezesha mtu kutembea bila noti mfukoni, na jambazi hapori kisichobebwa. Wachimbaji hufanya kazi kwa vikundi, na Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kufungua njia ya vibali vyao. Kituo cha polisi kilicho karibu, barabara inayopitika na mnunuzi anayejulikana kwa jina vimewafaa watu wengi zaidi kuliko chuma kilichofichwa chini ya shati. Rivolva ingali halali kwa aliyekidhi masharti, na mwenye kuichagua kwa uangalifu hutazama upatikanaji wa risasi, udogo anaoweza kuumudu kwa mkono wake, na muda wa mazoezi alio nao. Sheria ya Kenya inamtaka atangulize sharti moja mbele ya hayo: athibitishe kwamba wengine watakuwa salama yeye akiwa nayo. Kwa miongo mingi sharti hilo lilitumika kulinda rangi na cheo. Likitumika kwa haki kwa kila mwombaji, wa Osiri na wa Nairobi, ndilo jambo jema zaidi lililotokana na historia hii yote.